Aliyenipisha Kiti

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipobeba mfuko wangu wa zana kwenda kurekebisha kiti kimoja, kazi ndogo ambayo fundi mwenye akili timamu angeiacha mpaka asubuhi. Mimi sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Tangu mke wangu afariki, anayenisubiri ni jokofu, na mazungumzo yake ni kunguruma tu. Ndugu niliyebaki naye ni mdogo wangu wa kike, aliyekuja kila mwisho wa wiki na chakula na lawama kwamba nakonda. Siku nyingine zote nilikuwa mpweke, sina haja ya kuficha.

Mtaani wananiita Daktari wa Viti. Jina silikatai. Nimetibu miguu iliyovunjika na migongo iliyopinda, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyenisimulia habari za wakwe zake. Nina sharti moja tu la kazi: kiti hakitoki mikononi mwangu kabla sijakikalia mwenyewe. Nakaa kwa uzito wote, naegemea, najitikisa, nasikiliza. Kikilia, narudia kazi. Nadhani mafundi viti wote tuko hivyo.

Bibi aliyeniita alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya barabara yetu. Alifungua mlango kabla sijabisha.

"Karibu, mwanangu. Kiti kile pale."

Sebule ilikuwa na meza na kiti hicho kimoja. Basi. Bibi mwenyewe alisimama ameegemea ukuta, kama mtu aliyezoea kusimama nyumbani kwake mwenyewe.

Nilipinduapindua kiti nikauona ugonjwa. Mguu mmoja ulikuwa umeachia pale unapoingia kwenye fremu. Ajabu ni kwamba haukuchoka wala kuliwa na wadudu. Ulikuwa umekatwa kidogo kwa msumeno, na unga wa mbao bado ulikuwa mweupe.

Nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Nilichonga kabari, nikaigonga taratibu mpaka ikakaza, nikapiga msasa, nikakisimamisha kiti sakafuni. Kisha, kama kawaida yangu, nikakaa.

Kiti kilikuwa na joto.

Halikuwa joto la mbao iliyopigwa jua. Lilikuwa joto la mtu... la mtu aliyeinuka sasa hivi. Nikasikia harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Halafu nyayo. Laini, za miguu mitupu. Zilianzia pale pale nilipokaa, zikanizunguka, zikasimama nyuma ya bega langu.

Bibi alikuwa mbele yangu. Hakuwa ameinua hata unyayo.

"Amekupisha," akanong'ona.

"Nani?"

"Simjui. Na mimi nilimpata hivyo hivyo, kwa kukaa kwenye nyumba ya watu. Anayekaa pale alipokaa yeye, ndiye anayeondoka naye."

Niliinuka, nikaanza kukusanya zana zangu. Bibi alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu.

"Niwie radhi, mwanangu. Nilimwita fundi wa bomba, hakukaa. Nikamwita wa umeme, akafanya kazi yake juu ya ngazi, akaenda zake. Ndipo nikakumbuka ninyi wa viti." Akajifuta macho. "Mjukuu wangu hajawahi kukaa humu ndani. Namsimamisha mlangoni kama mdai. Kesho anakuja, na mimi nataka akae."

Nilibeba mfuko wangu nikatoka. Hasira ilikuja baadaye, nikiwa njiani. Nilitembea katikati ya barabara chini ya taa, na nyuma yangu nyayo zile zilitembea nilipotembea, zikasimama niliposimama.

Nyumbani kwangu viti havihesabiki. Vyangu, vya wateja, vizima, vilema. Nilipowasha taa, kimoja kililia kwenye kona. Nikakaa mbali nacho. Kikalia kingine, karibu zaidi. Aliyenifuata hakunigusa wala kuniumiza. Alitaka kukaa nami tu.

Siku zilizofuata wateja niliwahudumia nje, wamesimama. Walidhani nimepata kiburi. Wengine walicheka kwamba Daktari wa Viti hana kiti cha kumkalisha mtu. Nikacheka nao, kwa sababu kweli ilichekesha, na kwa sababu kilio kingehitaji maelezo.

Kisha dada yangu akaja.

Nilikuwa nimesahau ni mwisho wa wiki. Alipita mlangoni na kikapu chake, amechoka, miguu imemvimba kwa kutembea kutoka kituoni.

"Kaka, nipishe nikae. Miguu inaniua."

"Ngoja."

Nikaweka kiganja kwenye kiti kilichokuwa karibu naye. Joto. Nikakisukuma, nikagusa cha pili. Joto. Cha tatu kilikuwa baridi, nikamgeukia nimwambie kaa, na chini ya vidole vyangu mbao ikaanza kupata joto, polepole...

"Unatafuta nini, kaka?"

"Usikae hapo."

"Basi nitakaa chini. Nyumba ya kaka yangu, sioni haya."

Akainama. Nikapiga magoti haraka, nikagusa sakafu.

Ilikuwa na joto.

Nilimshika mkono nikamwinua kwa nguvu. Nadhani nilimuumiza. Alinitazama kama anayemtazama mtu asiyemjua.

"Twende nje," nikasema. "Nitakuwa nakuja kwako mimi. Nitakuja kula kwako kila wiki, nakuahidi."

Uso wake ukafunguka. Kwa muda mrefu alikuwa akiniomba hivyo. Alianza kunieleza kitanda nitakacholalia, watoto wake watakavyofurahi kumpata mjomba. Na nyuma yangu kiti kikasogea. Kiliburuta miguu yake sakafuni, bila haraka, kama mtu anayeinuka kujiandaa kwa safari.

Niliwaza wale watoto. Wanapanda kwenye mapaja ya kila mtu wale.

"Hapana," nikasema. "Nimeghairi. Mimi sitakuja. Na wewe usije tena."

"Kaka?"

"Umenichosha. Kila wiki na vyakula vyako. Niache."

Dada akaweka kikapu chini, kwa adabu kama alivyolelewa, akaondoka akichechemea. Nilisikiliza miguu yake mpaka kona. Niliumia, na naumia mpaka sasa.

Nilifunga mlango nikaketi mezani. Kiti cha mbele yangu kilivutwa nyuma, kikalia kidogo kwa uzito. Harufu ya nguo mbichi ikanijia usoni. Tangu anifuate hakuwahi kutamka neno. Sasa aliongea, kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye haya.

"Kwa hiyo... umenichagua mimi."

Nilitaka kukana. Nikaangalia mlango, nikatafuta nani mwingine aliyebaki wa kumtaja, na sikumpata.