Aliyekunywa Dizeli

Mambo yalianza kwa kijiti cha kupimia mafuta. Fundi alikichomeka kwenye tangi la jenereta, akakichomoa, na kikatoka na unyevu wa kidole kimoja tu. Akaangalia mita iliyo ubavuni mwa mashine. Tangu tangi lijazwe lita sitini, jenereta ilikuwa imewaka kwa jumla ya saa sita. Akapiga hesabu mara mbili, kisha akaipiga tena kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na bado haikukaa sawa. Kwa saa sita mashine ile hunywa lita kumi na mbili. Zilizobaki zilikwenda wapi?

Mashine yenyewe waliiita Bibi Kikohozi, na jina lilimfaa. Alikaa nje ya kibanda cha matofali juu ya kilima, chini ya mnara, na ndani ya kibanda lilikuwamo kabati la redio zinazorusha intaneti hadi zahanati, shule na nyumba za mabonde matatu. Umeme ukikatika, na haikupita siku usikatike, Bibi Kikohozi ndiye aliyeshika zamu. Kampuni ilikuwa imemchoka. Ikamtuma Fundi, binti hodari kuliko wanaume wote wa karakana yao, akapime na kuchagua umeme mwingine wa akiba.

Hiyo ilikuwa kazi iliyoandikwa. Ya pili aliambiwa kwa mdomo.

"Na unitafutie mwizi," alisema meneja. Ofisini walimwita Bwana Ushahidi, kwa kuwa hata mtu akiumwa alitaka picha. "Mlinzi ni mjomba wako, najua. Ndiyo maana nakutuma wewe. Ukirudi mikono mitupu nitajua mnakula sahani moja. Yeye ataondoka na polisi, na wewe utaondoka na mkoba wako."

Mjomba huyo ndiye aliyemlea Fundi tangu mama yake alipofariki. Ada ya shule ililipwa na rungu na tochi, usiku baada ya usiku. Fundi alipanda kilima shingo upande, maana kumpeleleza mtu aliyekufunga kamba za viatu si jambo la kujivunia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Tangi lako limekonda zaidi."

Mzee hakucheka. Alitazama pembeni, na Fundi akaona.

Asubuhi nzima akafanya kazi yake. Alipima kila kifaa kabatini, redio moja moja, swichi, kamera, na jumla ikawa wati sabini tu. Kituo kile kilikula kama mtoto wa kunyonya. Betri za asidi zingekiweza, lakini ni nzito, hazipendi joto, na baada ya miaka miwili zingekuwa mawe. Betri za lithiamu na paneli sita za jua zingekibeba siku tatu za mawingu bila mtu kugusa kitu. Au Bibi Kikohozi abaki, aongezewe tangi lenye kufuli. Fundi aliandika yote matatu, jicho moja kwenye daftari na jicho moja kwa mjomba wake.

Jua lilipofika utosini, akasema anashuka garini kuchukua waya. Alishuka hatua thelathini, akazunguka kwa nyuma, akachungulia kwenye tundu la hewa.

Mjomba aliingia na beseni la dizeli. Aliliweka kwenye kona nyuma ya kabati, akainuka, akageukia ukuta kama mtu anayempisha mwenzake avae, akasema kwa upole, "Karibu, mgeni." Fundi alitaka kucheka. Halafu akasikia mmezo mmoja, mzito, wa koo pana, na mwingine, na mafuta yakaanza kushuka beseni likiwa limetulia pale pale, bila mkono, bila mdomo, bila hata kiwimbi juu yake, yakashuka na kushuka huku feni za kabati zikipunguza kasi moja baada ya nyingine kana kwamba nazo zimeambiwa zinyamaze, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba hakusikia harufu ya dizeli hata kidogo, bali harufu ya sufuria lililosahauliwa jikoni hadi maji yakakauka. Beseni likabaki safi kama limeoshwa.

Alimkamata mzee mlangoni. "Ni nini kile?"

"Sema polepole," mjomba alinong'ona. "Walipojenga mnara huu nilikuwepo. Pale palikuwa na chemchemi. Wakaimwagia zege. Mwenye chemchemi alikuwa ndani."

"Mjomba, wewe ni mtu mzima."

"Nilimpa maji ya mtungi akayakataa. Anataka kinachotoka chini, kama chake. Dizeli hutoka chini. Akinywa, anatuacha." Akamshika mkono. "Chagua unachotaka, mwanangu, ila bakiza dizeli. Hata lita tano kwa siku."

Fundi aliteremka kilima, na kufikia barabarani alikuwa ameshajishawishi. Sakafu ina ufa, mafuta yanavuja. Mzee amezeeka peke yake, anaongea na kuta. Na lile wazo jingine, ambalo alilionea haya lakini halikumtoka: labda ni mchezo, labda pana bomba chini ya beseni na mnunuzi upande wa pili. Akampenda na kumshuku kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilimpeleka mahali pamoja. Pasipo na dizeli hapana wizi wa dizeli, na hakuna wa kumnyooshea mzee kidole. Akaandika: *Lithiamu na paneli. Jenereta iondolewe.*

Siku walipompakia Bibi Kikohozi kwenye lori, mjomba alisimama mlangoni. Hakuaga.

Miezi miwili kituo hakikuzimika hata dakika moja. Bwana Ushahidi alibandika picha za paneli ukutani, akatangaza kwamba mlinzi amesafika. Fundi aliona raha moyoni. Lakini mjomba alipopiga simu, sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, na kila mara aliomba kitu kimoja: maji. Mtungi wa jana umeisha. Wa leo pia. Fundi akaanza kuhesabu mitungi usingizini, na mwisho akakopa gari, akaweka dumu la dizeli nyuma, akapanda.

Alimkuta ameketi kizingitini, midomo imepasuka, ngozi ya mikono imelegea. Alikuwa akinywa jagi zima bila kupumua, kama anayemwaga mchangani.

"Nisamehe," Fundi alisema.

Aliingia mwenyewe, akamimina dizeli kwenye beseni, akageukia ukuta kama alivyoona. "Karibu, mgeni," alisema, na aibu ya kusema hivyo ilikuwa ndogo kuliko hofu. Walingoja. Dizeli ikabaki. Ikanuka, ikajaza chumba harufu yake ya kawaida ya karakana, na katika harufu hiyo ndipo ukaja ule mmezo, mzito, wa koo pana, lakini haukutoka kwenye kona, ulitoka nyuma yake, na alipogeuka alimwona mjomba ameegemea mlango, jagi liko chini, mikono mitupu, na koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, huku macho yake yakimtazama Fundi kwa huruma, kama anayemwonea uchungu yeye.

"Kwa nini haitaki tena?" Fundi alinong'ona.

"Mwonja asali haonji mara moja."

"Ulisema anataka kinachotoka ardhini."

"Na mimi nimeumbwa kwa nini, mwanangu?"

Alikataa kushuka. Alisema akiondoka ataletwa mwingine. Fundi hakubishana, alimbeba mgongoni hadi garini, na betri moja aliyoifunga pale kwa mikono yake ilikuwa nzito kuliko yeye.

Nyumbani kwa Fundi mzee alirudiwa na rangi ndani ya wiki. Akaanza hata kulalamika kuhusu chumvi. Fundi akaenda kwa meneja, akasema kituo kile hakihitaji mlinzi, kamera inatosha.

"Mjomba wako hakuiba, nimekubali," Bwana Ushahidi alisema, akimkazia macho. "Sasa wewe unanizuia nisiweke mwingine. Kuna nini kule usichotaka kionekane?"

Fundi akamwambia. Yote, tangu chemchemi.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. "Una picha?" aliuliza.

Mlinzi mpya alikuwa baba wa watoto wanne, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Fundi alimfuata siku ya kwanza, akamsihi, na yeye akamjibu kwa heshima zote kwamba kazi ni kazi. Siku ya nne alipiga simu, adhuhuri.

"Samahani kwa usumbufu, Fundi. Kituo kiko salama, betri zimejaa. Nauliza tu, huyu mzee alikuwa anamaliza mitungi mingapi ya maji kwa siku?"

"Toka humo. Shuka sasa hivi, nakuja kukuchukua."

Mlinzi akacheka, na kicheko kilikuwa na mkwaruzo. "Nishuke niache betri mpya? Si nitaitwa mwizi, Fundi? Mimi siwezi. Watoto wangu wanne, na mama yao anategemea..."

Aliendelea kueleza. Fundi alishika simu kwa mikono miwili, kwa sababu mlinzi alikuwa bado anaongea, bila kukatisha neno, na karibu kabisa na simu mtu alikuwa anameza.