Mume Wangu Alioa Tena Ili Gari Lisilipiwe Ushuru

Nina miaka thelathini na saba. Ninashona nguo hapa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, kwenye baraza la nyumba ninayopanga, na ninaishi peke yangu. Ukipita asubuhi utanikuta nimeinama juu ya cherehani. Utanisalimia, nami nitakujibu kwa tabasamu, na hutajua lolote... Ndiyo maana nimeamua kuwasimulia ninyi msionijua.

Nilikuwa na mume. Nitamwita Sudi. Alikuwa dereva wa taksi, mtu wa maneno machache, msafi kupita kiasi. Hata akitoka chini ya gari ananawa kwanza mpaka viwiko ndipo anakaribia chakula. Tulifunga ndoa msikitini mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Kwenda kusaini komine, kwenye ofisi ya serikali, tulisema tutaenda tu... mwaka huu, mwaka ujao... Nani alikuwa na haraka? Mtaa mzima ulijua mimi ni mke wa Sudi!

Tulichokosa ni mtoto. Nilishika mimba, ikatoka. Nikashika nyingine, nayo ikatoka. Lakini Sudi hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na kwa hilo nilimpenda zaidi.

Kisha esansi, yaani petroli, ikaadimika mjini. Wa Bujumbura wenzangu hamhitaji kuelezwa. Sudi alikuwa anapanga gari kwenye foleni ya kituo, analala humo humo, na mimi nampelekea wali na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Mara nyingi lori la mafuta halikuja kabisa. Alirudi nyumbani kwa miguu, anaketi kitandani, anaziangalia funguo za gari mkononi. Nilikuwa namwona anavyopungua. Dereva asiye na mafuta ana kazi gani duniani?

Ndipo akatokea Konsolata.

Huyu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa mtaa wa Mutanga Nord, aliyeishi Ulaya miaka mingi. Zamani, kila akija likizo, Sudi ndiye aliyekuwa dereva wake. Sasa alikuwa amerudi moja kwa moja, na gari lake lilikuwa limekwama duani, pale forodhani. Halikuwa gari la kawaida. Lilitumia haidrojeni.

Siku aliyotoka kuonana naye, Sudi aliongea kuliko nilivyomzoea.

"Mwamini, hii gari hainywe esansi hata tone! Inatumia gazi, na kule nyuma inatoa maji. Maji tu!"

Nilicheka. Sikujua kwamba nilikuwa nacheka kwa mara ya mwisho mwisho...

Akanieleza sheria ilivyokuwa, kama alivyoelezwa ofisini. Gari lisilochoma mafuta lilisamehewa ushuru wote, mradi limeletwa kubeba abiria. Lakini gari na kibali cha taksi lazima viwe vya mtu mmoja, au vya mume na mke waliosaini komine. Konsolata alikuwa na gari bila kibali. Sudi alikuwa na kibali. Na kama Konsolata angemwandikisha Sudi gari hilo, ingehesabiwa ni mauzo, na msamaha ungefutika.

Basi njia iliyobaki mmeshaijua...

"Ni ya karatasi tu, Mwamini," aliniambia, ameshika mikono yangu yote miwili. "Mbele ya Mungu bibi yangu ni we."

"Na kwa hiyo karatasi, mi nitakuwa nani?"

Akafikiri. "We ni we," akasema.

Nikakubali. Ningesema nini? Nilitaka mume wangu arudi kuwa mtu. Asubuhi ya kwenda komine mimi ndiye niliyempigia pasi suruali. Niliishusha na upindo, kwa sababu ilikuwa imemkaa juu ya kifundo cha mguu, nami sikutaka aaibike mbele za watu. Jamani! Nilimshonea mume wangu suruali ya kuolea mke mwingine!

Gari likatoka duani. Siku alipolileta Bwiza watoto walilikimbilia, maana halikuwa na mlio. Sudi akakinga glasi nyuma ya gari, maji yakadondoka, akayanywa mbele ya watu wote. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Lakini msamaha ule ulikuwa wa muda. Muhuri wa mwisho ungepigwa baada ya wakaguzi kufika nyumbani, kuona kwamba mume na mke wanaishi mahali pamoja, kisha kupanda gari na kuliona likitembea barabarani. Likishindwa kutembea, ushuru wote ungedaiwa. Kwa hiyo Sudi akahamia kwa Konsolata, Mutanga Nord.

"Wakishapita tu, narudi," aliahidi.

Alichukua nguo chache. Alikuwa anakuja Ijumaa baada ya sala, tunakula pamoja, anaondoka jua likingali juu. Nilizoea kupika chakula cha watu wawili, na sikuweza kuacha. Kilichobaki nilimpa jirani yangu Mama Zaina, anayeuza ndagala mlangoni kwangu. Mama Zaina alikuwa anapokea sahani bila kuniuliza chochote. Usiku nililala ukingoni mwa kitanda, upande wangu, kama vile mtu bado yuko upande wa pili...

Ni katika upweke huo nikagundua nina mimba.

Nilipomwambia Sudi alilia. Akainama akaweka sikio lake tumboni mwangu, ingawa bado hapakuwa na cha kusikia. Safari hii mimba ilishika. Ilikua, mtoto akaanza kucheza. Nikasema Mungu amenisikia!

Lakini Ijumaa za Sudi zikaanza kupungua. Gari lilikuja na gazi kiasi tu, na yeye na Konsolata walikuwa wamelizungusha mtaa wa Rohero na ufukweni siku za mwanzo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameahidi kujenga pampu ya haidrojeni mjini. Hakuchimba hata shimo. Bujumbura nzima hapakuwa na pa kujaza! Sudi akalifunika gari turubai, gazi iliyobaki wakaihifadhi kwa ajili ya wakaguzi. Na wakaguzi wakachelewa, wakachelewa...

Nikimpigia simu, alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. Nikimuuliza kwa nini ananong'ona ndani ya nyumba ya karatasi, anasema, "Konsolata amepumzika." Mwanamke mwenzangu unayesoma, wewe ungeelewaje?

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Nilikuwa nakata kitambaa cha mteja, maumivu yakanishika kiunoni, mkasi ukaniponyoka. Nilipotazama chini niliona damu. Nikamwita Mama Zaina. Alikimbilia barabarani kutafuta taksi. Hakuna. Pikipiki? Hakuna. Magari yote yalikuwa yamesimama kwenye foleni za esansi, mengine yametelekezwa kando.

Nikampigia Sudi. Mji mzima haukuwa na gari la kutembea, isipokuwa lake!

"Sudi, mutoto... Njoo na gari. Natoka damu."

Nikasikia watu wakiongea nyuma yake.

"Mwamini, wakaguzi wako hapa. Ndiyo wameingia sasa hivi."

"Natoka damu, Sudi!"

"Gazi iko kidogo sana. Nikija huko haitafika kwa kuwaonyesha. Vumilia kidogo tu. Wakimaliza, nakuja mbio."

Mama Zaina akaninyang'anya simu. "We Sudi! Bibi yako anakufa, na we unaongea habari ya gazi?"

Sijui alijibiwa nini. Nilimwona tu akiitazama simu, kisha akaiweka mfukoni mwake.

Vijana wa kubeba mizigo sokoni wakanilaza kwenye mkokoteni, juu ya magunia, Mama Zaina akanitandikia kanga yake. Wakasukuma. Kila shimo la barabara lilinipasua. Mama Zaina alikimbia kando yangu na miaka yake yote, ameshika mkono wangu, anasoma dua.

Tulipokaribia Rohero, vijana wakasimama kupisha gari. Sikulisikia likija. Lilipita polepole, karibu kabisa, linang'aa. Kwenye kiti cha nyuma wamekaa mabwana wawili wenye mafaili magotini. Mbele amekaa Konsolata. Na kwenye usukani, amevaa ile suruali niliyoishusha upindo mimi... Sudi!

Nilinyanyua mkono. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele. Gari likapita, likaacha maji kidogo barabarani, likakata kona.

Mtoto alizaliwa hospitalini, hakulia. Alikuwa wa kike. Walimviringisha wakanipa nimshike. Alikuwa na kucha kamili, ndogo kama punje za mtama... Naomba mniruhusu niishie hapo.

Sudi alikuja baadaye, kwa miguu kutoka Mutanga, viatu vimejaa vumbi. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuketi. Mama Zaina alitaka kumfukuza, nikamwomba atuache.

"Gari ilitembea?" nikamuuliza.

"Ilitembea. Walipiga muhuri."

"Vizuri."

Akaanza kulia. Akasema alidhani ni maumivu ya kawaida, akasema hakujua, akasema mengi. Nikamuuliza jambo moja tu.

"Kule Rohero, uliniona?"

Ningefurahi angenidanganya. Lakini Sudi hakuzoea uongo.

"Nilikuona," akasema.

Nikamwomba talaka, akanipa pale pale, kwa sauti ambayo sikuisikia vizuri, ikabidi arudie. Ndoa yetu ilivunjika kwa pumzi moja. Ile ya karatasi haivunjiki. Wakiachana kabla ya muda uliowekwa, au wakiuza gari, ushuru wote unarudi. Kwa hiyo wako huko, ndani ya nyumba moja, na gari limesimama chini ya turubai bila tone la gazi. Nasikia hawasemezani. Wengine huniletea habari hizo wakidhani zitanifurahisha. Zinanifurahisha? Hapana. Jioni ninafunga mlango wangu, nawasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu, na ninapika kidogo... sasa nimejifunza kupika kidogo.

Nilikwenda komine kuuliza kama nina haki yoyote. Karani, mama mwenye upole, aliniuliza, "Mulisaini?" Nikasema hapana. Akaniangalia kwa huruma, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Dada zangu, nawasihi! Kama mmefunga ndoa msikitini au kanisani mkasema ya komine mtaenda siku nyingine, nendeni wiki hii. Na ninyi wanaume, msikubali kumweka mwingine mahali pa mke wenu, hata kwa jina tu, hata kwa manufaa makubwa namna gani. Mimi nilikubali kwa moyo mweupe, nikidhani karatasi haina uhai. Ilimhamisha mume wangu, ikamlaza nyumba nyingine, na siku nilipomhitaji ikamfundisha kutazama mbele.

Binti yangu nilimpa jina. Nilimwita Tumaini. Baba yake hajawahi kuniuliza anaitwa nani, basi nimewaambia ninyi.