Manyoya ya Zambarau

Jua lilikuwa linazama, na Mama Bosi alikuwa anapeleka chakula. Basi, hana jingine. Hotpoti ya wali mkononi, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, ndala miguuni, na hasira kidogo kifuani, maana mumewe tangu wiki iliyopita hali nyumbani, halali nyumbani, akiulizwa anasema kazi nyingi. Kazi gani, na wateja wenyewe wamekimbia?

Mumewe alikuwa na chumba cha gemu nyuma ya safu ya maduka. Viti vya plastiki, runinga zilizopangwa ukutani, pazia zito la kuzuia mwanga, na vijana wanaopiga kelele za magoli mpaka jirani anagonga bati. Zamani. Siku hizi ukipita pale kimya, na wanaopita wanaziba pua.

Mtoto walimpa jina la Bosi kwa sababu tangu azaliwe nyumba nzima inapokea amri zake. Akilia usiku wote wameamka, akicheka wote wanaacha walichoshika waje kuona. Lakini kwa siku kadhaa Bosi alikuwa hatoi sauti. Analia, uso unakunjamana, machozi yanachuruzika, mdomo uko wazi mpaka unaona kimio kinatetemeka...

Na hakuna kitu.

Kama runinga iliyozimwa sauti. Nesi alimulika koo kwa tochi, akasema koo safi, mpeni muda.

Halafu kutapika. Si ule mcheuo wa maziwa ambao kila mama anaujua, unaufuta na kitambaa unaendelea na maisha yako. Huu ulikuwa mzito, wa kijani, unavutika kama kamasi, unanuka panya aliyefia nyuma ya kabati. Na ndani yake mlikuwa na nywele. Ndefu, laini, za zambarau.

Mama Bosi alimjua mkosaji palepale. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa anaishi nao, na wifi ni msusi. Kila jioni anarudi na vipande vya rasta vimemganda nguo nzima.

"Wifi, hizo nywele zako za bandia zitaniulia mtoto!"

"Zambarau?" Wifi alishika kiuno. "Nani kasuka zambarau kwangu? Wateja wangu wote wanataka nyeusi, utafikiri wamefiwa kwa pamoja. Chunguza maziwa yako wewe, sijui unakula nini huko jikoni ukifunga mlango."

"Wifi!"

"Wifi nini? Na huyo kunyamaza kwake usimsumbue, kafuata upande wetu. Upande wenu mkianza kuongea hata redio inaomba nafasi."

Mama Bosi alicheka bila kutaka. Alikuwa na kicheko chake, kinaanza kwa kukwama-kwama kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi, halafu ghafla kinashika moto na kupaa, na anayekisikia lazima acheke. Alicheka, akafuta macho, akaenda kufua nguo za mtoto. Lakini alipozisugua zile nywele kwenye beseni aliona kitu ambacho hakumwambia mtu.

Rasta haina mizizi. Hizi zilikuwa nayo. Na kwenye mizizi kulikuwa na ngozi.

Ndiyo maana jioni ile alikuwa anatembea haraka.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Nyama iliyosahaulika juani, mayai viza, na juu yake utamu fulani wa kuudhi, kama manukato yaliyopuliziwa kidonda. Mate yakamjaa mdomoni. Akayatema, akasukuma mlango kwa bega.

Giza. Viti vimepandishwa kimoja juu ya kingine. Runinga zote zimezimwa, isipokuwa ile ya pembeni kabisa, na mbele yake ameketi mumewe, amejifunga kitambaa puani, pedi ya gemu mkononi, macho mekundu.

Hakugeuka.

Ndipo akasikia kicheko.

"Kwi-kwi-kwi... haaa."

Kicheko cha Bosi. Kilekile, na kile kikwikwi chake cha mwisho anapoishiwa pumzi. Furaha ikampanda Mama Bosi mpaka kooni, akageuza shingo haraka kumwangalia mwanawe.

Bosi alikuwa amefumba mdomo. Anakodoa macho mbele.

Kicheko kilikuwa kinatoka kwenye runinga.

Mle ndani kulikuwa na mji wa mawe uliobomoka, mbingu ina rangi ya jeraha lililovilia damu. Katikati ya mji limelala joka. Kubwa kuliko minara. Mabawa yake yana matundu kama shuka iliyoliwa na nondo, kope zimegandana kwa usaha, na kati ya magamba kunachuruzika kitu cheupe, kizito, kinachokwenda polepole. Likafungua mdomo. Likacheka kicheko cha mtoto wa Mama Bosi.

"Funga mlango," mumewe alinong'ona.

"Hiyo sauti ni ya nani?"

"Mama Bosi, funga mlango kwanza."

"Baba Bosi, nakuuliza, hiyo sauti ni ya nani?"

Akaeleza, kwa kunong'ona, macho yasitoke kwenye runinga. Kuna mteja mgeni alikuja na diski isiyo na jalada, akacheza peke yake mchana kutwa, akatoka kununua maji, hakurudi. Yeye akaijaribu. Gemu nzuri, picha nzuri, na jambo la ajabu ilikuwa inaandika maneno kwa lugha yao ya nyumbani, sawasawa kabisa, kama mtu anayekujua. Unapewa yai. Unalilea. Linapoanguliwa, maandishi yanatokea: *Joka halina sauti. Lipe moja.* Kipaza sauti kilikuwa mezani. Na siku hiyo Mama Bosi alikuwa amemwachia mtoto, ameenda sokoni.

"Nikamtekenya. Akacheka. Halafu akalia. Vyote vikaingia." Alipangusa jasho kwa kiwiko. "Niliona ni mchezo tu."

"Umechukua sauti ya mwanangu ukampa nyoka?"

"Ni joka."

"Baba Bosi, usinirekebishe!"

Kwenye runinga joka lilikuwa limeinua shingo. Mbele yake palikuwa na mzoga wa mnyama mfano wa mbuzi, umevimba, miguu juu. Joka likaupulizia. Pumzi yake ilikuwa nzito, inaonekana, kama moshi wa taka. Na mzoga ukasimama.

Ulisimama vibaya. Pembe zilikuwa zimeotea ndani, zimetokeza kwenye mashavu. Tumbo liko wazi, linaburuta vitu vyake vumbini, na miguu inakanyaga kinyumenyume. Ulikuwa unalia meee bila kufungua mdomo, maana mdomo ulikuwa umejishona. Na manyoya yake yalikuwa yananyofoka kwa mafungu, yakitoka na ngozi.

Manyoya ya zambarau.

"Usibonyeze," Mama Bosi alisema. "Baba Bosi... usibonyeze."

"Lazima."

Akabonyeza. Joka likamla yule mnyama akiwa hai, kama kile kilikuwa uhai. Kratch. Kratch. Likatafuna huku likicheka kwi-kwi-kwi.

Na Mama Bosi akahisi uvuguvugu mgongoni.

Ulianzia mabegani, ukashuka taratibu, mzito, ukaingia ndani ya gauni, ukapita kwenye uti wa mgongo mpaka kiunoni. Harufu ikamfikia. Akapeleka mkono nyuma, na mkono ukarudi umejaa ute wa kijani, na manyoya, na katikati ya manyoya kitu kigumu. Kikwato. Kidogo, laini kama ukucha uliolowekwa. Kilikuwa bado kinacheza.

Akakitupa. Akaifuta mikono kwenye ukuta, akaifuta tena, akaifuta mpaka vidole vikachubuka. Kisha, bila kufikiri, akaiachia hotpoti, akaruka kwenye soketi akachomoa waya.

Runinga ikazima.

Kimya.

Mgongoni, mtoto akalegea. Shingo ikaanguka upande. Na ule mwili mdogo, ambao kila siku ulimpasha joto kama jiko, ukawa baridi. Baridi ya samaki wa kwenye barafu.

"Chomeka!" mumewe alipiga kelele. "Chomeka, chomeka, chomeka!"

Vidole vilikuwa na ute, plagi inateleza, mara ya kwanza imekataa, mara ya pili... ikaingia. Mwanga. Joka. Kwi-kwi-kwi. Bosi akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

Mumewe alikuwa analia sasa, kitambaa cha puani kimelowa. "Nilishajaribu. Ndiyo maana sirudi nyumbani. Likikaa na njaa, huyu anapoa. Nikililisha, huyu anatapika. Ningekuambiaje? Ningeanzia wapi?"

"Hao wanyama wakiisha?"

Mumewe alionyesha kwa kidevu. Chini ya runinga palikuwa na maandishi madogo: *Waliooza wakiisha, joka litamla aliye wake.*

Na pale mjini, kati ya magofu, alikuwa amebaki mnyama mmoja tu. Kitu kama kuku, kina macho mengi mno. Joka lilikuwa tayari linamtazama.

"Kuna njia," mumewe alisema. "Limeandika sauti kwa sauti. Unaweza kubadilisha. Nimetoa yangu, limeikataa. Linataka kicheko, kicheko cha kweli. Na mimi humu ndani... Mama Bosi, nani anaweza kucheka humu ndani?"

Mama Bosi alichukua kile kipaza sauti. Sifongo lake lilikuwa limelowa, lina uvuguvugu, kama limetoka kulambwa sasa hivi. Akasogeza mdomo.

"Ha... ha ha."

Joka likatema mate. Yakatapakaa upande wa ndani wa kioo, yakaanza kuteremka. *Hicho si kicheko.*

"Ha ha ha ha!"

*Hicho si kicheko.*

Likamgeukia kuku. Likammeza bila kutafuna. Mgongoni Bosi alijikunja, akatapika mara ya pili, kidogo tu, na vitu vya mviringo vikadondoka sakafuni vikabingirika chini ya viti. Mama Bosi hakuangalia chini. Alijua ni macho. Joka likatazama huku na huku, halikuona kitu. Polepole likageuza uso wake wote kuwaelekea wao.

Mama Bosi alimtazama mumewe. Yeye mwenyewe ametapakaa ute mwili mzima, nywele zimemganda shingoni, kipaza sauti mkononi. Na mkono wa pili, hata yeye hakujua aliiokota saa ngapi, umeikumbatia ile hotpoti ya wali. Mumewe naye akaiona. Alikuwa hajala tangu jana. Akaiangalia, akamwangalia mkewe, na kwa sauti ya mtu aliyechoka kupita akili zake akauliza:

"Umeweka na pilipili?"

Ilikwama mara moja. Ikakwama mara mbili. Kisha ile pikipiki ikashika moto. Alicheka Mama Bosi, alicheka machozi yakimtoka, anasikia harufu na bado anacheka, anaona kile kinywa kimeachama mbele yake na bado anacheka, mpaka mbavu zikamuuma, mpaka ghafla kitu kikamchomoka kifuani. Kama jino lililolegea linavyong'oka. Hakuna maumivu. Pengo tu.

Joka lilifumba mdomo. Likainamisha kichwa, kama linalosikiliza. Kisha likajaribu, taratibu, kukwama-kwama...

Mgongoni, Bosi akapiga ukelele. Ukelele wa hasira, wa amri, wa kuamsha mtaa.

Mama Bosi akachomoa waya. Mtoto akaendelea kulia, moto kama mkate. Hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mumewe alifungua mashine ya gemu kwa bisibisi aivunje ile diski. Hapakuwa na diski. Palikuwa na ute, na unywele mmoja. Waliichoma mashine nzima jalalani, ikanuka nyama mpaka asubuhi. Siku hizi kile chumba anatengenezea simu.

Bosi amenenepa, anatambaa, anaamuru kama zamani. Nyumba ina kelele. Jioni wifi akirudi anaanza vituko vyake, anamwigiza mteja aliyesinzia akisukwa, na kila mtu anashika mbavu. Mama Bosi anafungua mdomo.

"Siku hizi wifi unajidai mtu mzima," wifi anamwambia. "Hata hucheki. Au umepata cheo hujatuambia?"

"Jino linaniuma."

Juzi, jua likizama, alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Bosi amekaa kwenye mkeka na kibanio cha nguo mdomoni. Upepo ukageuka, na ukaja na utamu ule, manukato juu ya kidonda. Mama Bosi alisimama na shuka mkononi. Nyumba za jirani zilikuwa zinawasha taa, dirisha moja baada ya jingine, na kwenye mojawapo, hakujua lipi, kuna taa iliyokuwa inachezacheza kama ya runinga.

Kutoka huko kikaja kicheko chake: pikipiki ikakataa kuwaka. Ikakwama. Kisha ikashika moto, ikapaa, ikacheka juu ya mapaa yote, na mahali fulani mtu mwingine asiyejua kitu akacheka nayo.

Koo likamwasha. Akaingiza vidole viwili, akashika, akavuta. Ulikuwa unywele mrefu. Akavuta, na bado unakuja, wa zambarau, wa moto, na mwisho wake una kipande cha ngozi.

Kwa siku mbili zilizotangulia mikono yake ilikuwa baridi, asielewe kwa nini. Sasa ilikuwa inapata joto.

Akaufukia ule unywele kwa kisigino, akajifuta mdomo kwa shuka safi. Akalitazama lile giza lenye madirisha. Alitaka kupiga mayowe, zima, tupa, kimbia. Hakupiga.

Alimnyanyua mwanawe, akamkumbatia, na moyoni akamwomba yule mtu, yeyote yule, mahali popote alipo, asichoke kulilisha joka.