Nyumba ya Tini

Saif Athmani, mhadhiri kijana, alikutwa asubuhi amelala chali uani mwa chuo cha sheria, Tudor, chini ya roshani ya ghorofa ya tatu. Alikuwa amekufa. Wenzake walimzunguka na vikombe vya chai mikononi, na hakuna aliyekuwa ameacha kunywa. Inspekta Kasyoka aliwachukia hapohapo.

Profesa Joab, mhariri mkuu wa jarida la chuo, alikuwa na jibu tayari. Makala ya Saif ilikuwa imekataliwa, kijana akashindwa kustahimili, akajirusha.

"Nani aliikataa?"

"Wasomaji wawili. Majina hufutwa, Inspekta. Hatujui nani kaandika nini. Tunachagua kwa ubora tu."

"Wewe uliisoma?"

"Sikusoma hata ukurasa mmoja."

Daktari aliyepasua maiti alikuta ngozi ya mtu mwingine chini ya kucha za Saif. Anayejirusha hamparuri mtu.

Baada ya maziko Kasyoka alikwenda Mji wa Kale kumpa pole mama wa marehemu, Bi Ruweda.

"Kaa tini, mwanangu," mama alisema.

Kasyoka, mtu wa Machakos, alisita mpaka alipoona mkono ukimwonyesha mkeka. Akaketi. Bi Ruweda alimweleza kwamba majirani walinong'ona, na kwamba waliokuja kuzika walikuja shingo upande, maana aliyejiua huzikwa kwa aibu.

"Alikuwa akiandika juu ya nyumba kama hii," alisema. "Sisi ni wa nyumba ya tini. Ya juu ina wenyewe, tangu enzi za babu zetu. Nambia kweli, mwanangu alijitupa?"

Kasyoka aliondoka na swali hilo, likamkera njia nzima.

Chuoni alimtaka Trizah, katibu wa jarida, amweleze makala huchaguliwaje. Trizah alieleza bila haya. Majina yalifutwa kweli, ila baada ya profesa kuyaona. Makala za marafiki zilipelekwa kwa marafiki. Za wasio na mtu zilitupwa katonini, na juu ya katoni waliweka birika la chai. Wale wasomaji wawili walikuwa profesa mwenyewe na mwanafunzi wake, aliyetia sahihi chochote alichopewa.

Toleo jipya lilikuwa tayari kwenda kiwandani kuchapwa. Makala ya kwanza ilikuwa ya Profesa Joab, kuhusu umiliki wa nyumba za Mji wa Kale. Kasyoka aliisoma amesimama. Alipofika katikati alitaka kucheka.

Akaingia ofisini kwa profesa.

"Profesa, mitini ya Mji wa Kale iko mtaa gani?"

"Mitini?"

"Umeandika juu ya haki za mwenye nyumba ya juu na za mwenye nyumba yenye mtini."

"Ni mila ya huko."

"Tini ni chini. Ndivyo wasemavyo watu wa Mvita. Saif aliandika nyumba ya tini, wewe ukaipandia mti. Kunja mkono wa shati."

Mikwaruzo ilikuwa bado mibichi. Joab aliketi. Alikiri kwamba tangu apate uprofesa hakuwa ameandika hata wazo moja lake mwenyewe. Saif aliiona makala hiyo mezani kwa Trizah, akamfuata profesa roshanini.

"Angenishtaki ningevumilia," alisema. "Alinicheka. Alisema hata kuiba sijui. Nikamsukuma."

"Kwa ajili ya tunda."

Joab akanyoosha mikono. Profesa alipokuwa akitiwa pingu, mhariri msaidizi aliuliza kwa upole kama toleo lingeweza kutoka, kwa kuwa makala ilikuwa imeshapitishwa. Kasyoka alitamani kutema mate, ila sakafu ilikuwa imepigwa deki na mtu asiye na hatia.

Alirudi Mji wa Kale kabla ya magharibi.

"Hakujitupa, mama. Alisukumwa, na aliyemsukuma amekiri."

Bi Ruweda alifumba macho. Machozi yakatoka, ya kwanza tangu msiba. Kisha akanyoosha kidole kwenye dari, walikokuwa wakitembea majirani.

"Simama, mwanangu. Sema tena, kwa sauti, wa juu wasikie."

Kasyoka akasimama, akasema.