Kamba ya Buluu

Mimi ni fundi viatu, na ni mtu wa sala. Mambo ya namna hii sijazoea kuyasimulia. Lakini kuna uongo nimeubeba miaka ishirini na sita, na leo nautua.

Mama alikuwa hoi kitandani, miezi mitatu hakanyagi chini. Jioni moja akanishika mkono.

"Mwanangu, siku ile Chiriku alivuta kamba au hakuvuta?"

"Nilishakwambia, mama. Hakuvuta."

"Nenda bwawani. Kaa pale ulipokaa, ukumbuke vizuri, urudi uniambie. Sitaki kufa na swali hili."

Chiriku ni dada yangu. Tulimwita hivyo kwa maneno yake mengi, na kwenye kuvua samaki mdomo ni balaa. Ndiyo maana tulikata kamba ya buluu ya mama ya kuanikia nguo, mwisho mmoja nikafunga mkononi, mwingine akafunga yeye. Alikaa upande wake wa matete, mimi wangu, hatuonani. Kuvuta mara mbili: njoo. Kuvuta mara moja: nakuja.

Siku ile alinicheka. "Wewe Kobe, hata kambare wanakuonea huruma." Nikanuna. Baadaye kamba ikavutwa mara mbili. Nikajibu mara moja. Kisha nikaifungua mkononi, nikaifunga kwenye mzizi, nikaenda zangu nyumbani.

Chiriku hakuonekana tena. Si mwili, si nguo.

Nilifika bwawani jua likizama. Hata chura hakulia... Nikapiga magoti nitubu, mkono ukagusa ule mzizi.

Kamba ilikuwepo.

Buluu. Imelowa. Mpya kama siku tuliyoikata. Ilipita katikati ya matete, imekazika, kama vile kuna mtu ameishika ng'ambo.

Mungu anisamehe. Badala ya kusali, niliivuta mara mbili.

Kimya... Harufu ya tope ikapanda.

Kamba ikavutwa. Mara moja.

Matete ya ng'ambo yakaanza kuinama, yakija upande wangu.

Nilikimbia. Ndara zangu nilizishona mwenyewe, nikaziacha huko huko. Njia nzima nyuma yangu nyayo zenye maji... chwapu... chwapu... hazina haraka.

Nyumbani nikatia komeo, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, alivuta. Nikamjibu nakuja, na sikwenda. Nilikuwa nimenuna."

Nilingoja laana. Akanipapasa kichwa.

"Pole, mwanangu. Umelibeba peke yako." Halafu akanong'ona, "Sasa fungua mlango."

"Mama..."

"Umemwita dada yako, halafu unamfungia nje?"

Ndipo nikaona mkono wangu. Kamba ilikuwa imefungwa hapo, fundo lile lile la Chiriku, na mwisho wake umepita chini ya mlango.

Ikavutwa. Mara mbili.

Mama akajikokota ukingoni mwa kitanda, akaishika kamba mbele ya ngumi yangu.

"Huyu muache," aliuambia mlango, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Nitakuja mimi."

Akavuta mara moja.

Alifariki kabla ya taa kuwashwa, kichwa mapajani mwangu. Hakushuka kitandani, nashuhudia mbele ya Mungu.

Wanawake waliomwosha waliniita pembeni. Waliniuliza hilo tope la nyayoni mwake, hadi vifundoni, limetoka wapi.

Nilisema sijui. Huo nao ni uongo.