Goti la Muuguzi

Dhoruba ya mchanga ilipowafikia, waendesha baiskeli walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Muuguzi alishuka, akauinamia usukani, akafumba macho. Alipoyafumbua, njia ilikuwa imefutika na wenzake hawaonekani. Lilikuwa zoezi lao la mwisho nyikani kabla ya safari ndefu ya kuichangia wodi ya watoto walioungua, wodi anayofanyia kazi yeye mwenyewe. Na goti la kushoto lilikuwa limeanza kuwaka.

Goti hilo lilikuwa na aliyelivunja. Kiongozi wa kikosi, ambaye wote walimwita Nahodha, alimchomekea mteremkoni akitaka kuwahi kona, akamrusha mtaroni, akageuka kumtazama, kisha akakanyaga pedali akaenda zake. Watu akawaambia kwamba dada huyo alianguka akichezea simu. Muuguzi akatembelea magongo msimu mzima. Alipoanza tena mazoezi, kwanza kwenye baiskeli iliyofungwa sebuleni huku mama yake akimfokea kwamba atajilemaza, hakuwaza wodi wala watoto. Kila pedali iliposhuka, aliona kisogo cha Nahodha.

Akashika korongo kavu, akijua linapita chini ya daraja la barabara kuu. Hakwenda mbali akasikia mtu anakohoa. Nahodha alikuwa amelala chini ya ukingo, gurudumu limejikunja, chupa zake zimepasuka, kifundo cha mguu kimegeukia upande usio wake.

"Maji," alisema.

Muuguzi akachomoa chupa, akanywa yeye, taratibu, akimtazama. Hakuwa amewahi kunywa maji matamu kama yale.

"Dada, nakuomba."

"Kule mtaroni nilikuita. Ulisikia?"

Nahodha akalamba midomo iliyokauka. "Nilisikia."

Muuguzi akageuza baiskeli akaondoka. Alitembea mpaka kona ya korongo ikamficha yule mtu, akisubiri aitwe ili apate raha ya kutogeuka. Hakuitwa. Kimya kile kikamkera kuliko kilio. Akamwona Nahodha ndani ya jeneza, watu wakimsifu kwa machozi, na yeye amesimama pembeni na goti lake, hana wa kumwambia neno. Akatukana kwa sauti, akarudi.

"Usidhani ni huruma," alisema akipiga magoti mchangani. "Ukifia hapa watakuzika kama shujaa. Nakutaka hai, useme mbele za watu."

Akamnywesha funda moja moja. Akaunyoosha mguu, akaulaza kwenye pampu kama banzi, akaukaza kwa tyubu ya akiba. Angeweza kukaza polepole. Hakukaza polepole. Nahodha akauma mkono wa shati lake mpaka ukachanika.

Akampandisha kwenye kiti cha baiskeli yake, akaanza kusukuma. Mchanga ulimeza magurudumu, jua likarudi kali, goti likavimba mpaka suruali ikambana. Walianguka, wakainuka, wakaanguka tena. Mara ya mwisho Muuguzi alibaki chini akilia kwa hasira.

"Niache hapa," Nahodha alisema. "Ukalete watu."

"Nyamaza. Shika usukani."

Daraja lilipojitokeza, gari la msaada la kikosi lilikuwa chini yake, na wenzao wakaja mbio. Muuguzi akavuta pumzi. Maneno alikuwa ameyanoa miezi yote ile, akiyajua moja baada ya jingine. Lakini Nahodha aliisukuma pembeni chupa aliyopewa.

"Mimi ndiye niliyemwangusha pale mteremkoni," alisema. "Nikamwona, nikamwacha. Hapakuwa na simu yoyote. Nilidanganya."

Watu wakatazama chini. Muuguzi akajiona kama mtu aliyeporwa mchana kweupe. Alikuwa amelisubiri neno lile kwa hamu, na sasa limesemwa, hajui afanye nini nalo.

Dereva wa gari akamsogelea. "Umemsamehe?"

"Bado," alisema Muuguzi. Akawatazama wakimbeba Nahodha kuelekea nyuma ya gari. "Lakini mwekeni mbele. Huko nyuma kunarusha, mguu utamuua kwa maumivu."