Amina ya Stathis

"Ukiichapa hiyo picha, pete yako hii hapa."

Stathis aliivua pete kidoleni na kuiweka mezani, kati ya kikombe cha kahawa na rundo la magazeti ya wiki iliyopita. Argyris aliitazama pete, akamtazama na mwenyewe, kisha akacheka kidogo kama mtu anayedhani anataniwa.

"Stathis, acha masihara."

"Kwani nina sura ya masihara?"

Hakuwa nayo. Stathis alikuwa mfamasia, mtu mpole wa kuwauliza wazee kama wamekula kabla ya kumeza vidonge, na kila Jumapili alikuwa mwimbaji mkuu katika kanisa la mji wao mdogo huko Peloponesi, kusini mwa Ugiriki. Tangu wapendane hakuwahi kumpandishia Argyris sauti. Pete yenyewe alivishwa mwezi wa nane mwaka jana ufukweni, na tangu siku hiyo aliivaa wakiwa wawili tu. Akitoka nje, inaingia mfukoni.

Na hilo ndilo lililokuwa likimkera Argyris. Sheria mpya iliwaruhusu wanaume wawili kuoana, ila kama ilivyo kwa ndoa yoyote ya serikali, lazima tangazo litoke gazetini na majina yote mawili. Gazeti la mji lilikuwa la Argyris mwenyewe, linatoka kila Jumamosi. Kila Jumamosi Stathis alikuwa na sababu: mara mama ana presha, mara Kwaresima, mara ngoja mavuno yaishe.

"Mtazame lakini," Argyris alisema, akigeuza kompyuta. "Mtazame Baba yako mtakatifu."

Picha ilitumwa asubuhi ile na mtu asiyejitaja. Padri Gervasios, bila joho, kwa shati la mikono mifupi, amekaa kwenye mgahawa mmoja Athens akimbusu mwanaume mdomoni. Gervasios huyu huyu ambaye tangu sheria ipite alikuwa akisimama kila Jumapili kuwaita wanaume wanaopendana donda la taifa. Gervasios huyu huyu aliyekataa kumbatiza mtoto wa Kleio, dada yake Argyris, kwa kuwa Kleio anaishi na mwanamke mwenzake. Alikataa siku yenyewe, wageni wamefika, mtoto kavaa nyeupe, kondoo kashaiva.

"Nimemwona," Stathis alisema.

"Nyani haoni kundule. Ndicho kichwa cha habari, ukurasa wa kwanza."

"Na kosa lake ni lipi humo ndani ya picha?"

"Unafiki."

"Unafiki haupigwi picha, Argyris. Mji mzima utaona padri anambusu mwanaume, basi. Mji utawacheka wote wawili, na wewe utakuwa umekubaliana naye kwamba hilo ni jambo la kumwaibisha mtu."

"Anatutukana kila wiki! Wewe unasimama pale mbele, unamwitikia Amina."

Hilo lilimchoma Stathis.

"Kweli, naitikia. Kwa sababu naogopa. Na yeye anaogopa, ila woga wake ameufanya fimbo. Mchapie hayo maneno yake, yapo tele. Lakini leo ukimvua nguo yeye, kesho atakayenivua mimi nitamwambia nini? Mkuki kwa nguruwe?"

"Wewe si kama yeye."

"Kesho ni sikukuu ya jina langu. Uje, usije, mlango uko wazi. Ila ukija na hiyo picha kama silaha, usije kama mchumba."

Akaondoka. Pete ikabaki mezani.

*

Argyris alimpigia dada yake akiwa na uhakika wa kuungwa mkono. Alimsimulia yote kwa pumzi moja.

"Umemaliza?" Kleio aliuliza. Nyuma yake mtoto alikuwa akigonga sufuria.

"Nimemaliza. Sema kitu."

"Mimi nataka mwanangu abatizwe. Hiyo picha itambatiza?"

"Itamwondoa yule mnafiki."

"Ataletwa mwingine, mwenye maneno yale yale na ndevu ndefu zaidi. Halafu huyo mwanaume wa pili ni nani?"

"Sijui. Sikumtazama."

"Hukumtazama. Unataka kumwaga mtama kwenye kuku wengi, na hujui hata ni mtama wa nani."

"Kleio, ni wewe uliyerudi na mtoto mlangoni pa kanisa. Nimekasirika kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu nilishakasirika mwenyewe, nikakasirika vizuri sana. Wewe umekasirika kwa sababu Stathis hataki lile tangazo. Gervasios umempata tu njiani."

Argyris alikata simu. Dada wakubwa wana tabia mbaya ya kusema kweli wakati mtu hajaomba. Akarudi kwenye picha, akamtazama yule wa pili. Mwanaume wa makamo, mwenye upara, shati limekunjwa vibaya. Alikuwa amefumba macho na anatabasamu huku akibusiwa, kama asiyeamini bahati yake. Argyris alikuwa anaujua uso ule. Alikuwa nao mwenyewe mwezi wa nane, ufukweni.

Alimwandikia Stathis: "Bado umenuna?"

Jibu lilikuja haraka: "Bado. Mama anauliza kama utaleta barafu."

*

Sikukuu ya jina huku haina kadi. Ukiitwa Stathis, kifupi cha Efstathios, siku ya Mtakatifu Efstathios mlango wako hauna kitasa. Yeyote anayeingia unampa kijiko cha machungwa yaliyopikwa kwa sukari, maji baridi, na kileo, umpende usimpende. Ndiyo maana Argyris na mfuko wake wa barafu waliingia mlangoni nyuma tu ya joho jeusi la Padri Gervasios.

"Miaka mingi, Stathis!" watu walisema.

"Na nyinyi, na nyinyi."

Kyra Asimina, yaani Bi Asimina, mama yake Stathis, mama mfupi mwenye sauti ndefu, alimpokea Argyris barafu.

"Umekonda. Mmegombana?"

"Nani, mama?"

"Haya, mimi ni mzee, sijui kitu. Kaa pale, ule."

Alikaa. Mfuko wa kushoto alikuwa na simu, na ndani ya simu ile picha. Mfuko wa kulia alikuwa na pete. Stathis alipita na sinia, akamwekea glasi bila kumtazama.

"Umekuja kama nani?" alinong'ona.

"Bado sijajua."

Hapo Padri Gervasios akasimama na glasi yake, sebule ikatulia. Alikuwa mtu mzuri wa sura, ndevu zimechanwa, na sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Mwimbaji wetu," alisema, "namtakia miaka mingi na mke mwema. Mwakani tutafune lozi za harusi yake. Harusi ya kweli, wapendwa, mbele ya Mungu. Si zile takataka wanazoziita ndoa siku hizi, zile za watu waliolaaniwa..."

Mkono wa Argyris uliingia mfuko wa kushoto wenyewe. Simu ilikuwa ya moto. Kusimama tu na kuipitisha kwa shangazi wa kwanza, basi. Kabla kahawa haijapoa ingekuwa imefika kituo cha polisi. Aliinua macho na kukuta Stathis anamtazama.

Stathis akaliweka sinia chini.

"Baba, ahsante kwa dua," alisema. "Imeshajibiwa. Mchumba ninaye."

Sebule nzima ikachangamka. Shangazi mmoja akapiga makofi.

"Siri yote hiyo! Binti wa nani?"

"Si binti, shangazi. Ni Argyris."

Barafu ilisikika ikipasuka kwenye glasi. Stathis alikuwa amepauka, lakini hakuketi.

"Hiyo takataka uliyoisema, Baba, ni harusi yangu. Nilitaka uisikie kwangu, kabla hujaisoma gazetini." Akamnyooshea Argyris mkono, vidole vimetanuka. "Lete pete yangu."

Argyris aliachia simu kama aliyeshika chungu cha moto. Alitafuta mfuko wa kulia, akaukosa, akaupata, akaiangusha pete chini ya meza na ikabidi apige magoti kuifuata. Alipoinuka nusu, yuko goti moja na pete mkononi, shangazi aliyepiga makofi akaanza kulia. Hakuna aliyejua analia kwa furaha au kwa msiba, na nadhani hata yeye hakujua.

Kyra Asimina ndiye aliyewahi wengine.

"Hatimaye," alisema. "Lozi nilinunua tangu mwezi wa nane mwaka jana. Nilidhani zitaliwa na wadudu."

"Mama, ulijua?"

"Mwanangu, mtu anakuja kuazima chumvi kwangu miaka minne, na duka la chumvi liko chini ya nyumba yake. Mficha uchi hazai. Na wewe Argyris, mvishe huyo, magoti yatakuuma."

Watu wakacheka. Si wote, wawili watatu waliaga ghafla, mmoja akasahau kofia yake. Lakini sebule ilicheka, na Argyris akamvisha Stathis pete mbele za watu.

"Umekuja kama nani?" Stathis aliuliza tena.

"Kama bwana harusi. Nisamehe, mboni yangu. Nilikaribia kuwa mjinga."

"Nilikuona. Ndiyo maana niliwahi."

*

Padri Gervasios alikuwa jikoni, anakunywa maji kwa mafundo makubwa. Argyris alifunga mlango, akaiweka simu juu ya meza, picha juu.

Padri aliitazama. Rangi yote ilimtoka usoni. Akavuta kiti, akakaa kama mzee.

"Unataka nini?"

"Hicho ndicho kibaya, Baba. Jana nilitaka vingi." Argyris alibonyeza, picha ikafutika. "Kwenye kompyuta nilishaifuta kabla sijaja, hii niliibakiza kwa ubaya wa roho. Aliyenitumia bado anayo, hilo siwezi kulizuia. Kwangu haitatoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mchumba wangu hataki. Na kwa sababu kitanda chako si habari yangu. Ila maneno yako ni habari. Hayo sitafuta hata moja. Kila utakalolisema madhabahuni nitalichapa na jina lako, na jina la mtoto uliyemrudisha mlangoni."

Padri aliigeuzageuza glasi yake mezani. Kutoka sebuleni mtu alikuwa ameanza kuimba.

"Anaitwa Loukas," alisema mwishowe, polepole. "Hakuna mtu niliyewahi kumtajia."

Argyris alikuja amejiandaa kwa ubishi, kwa matusi, hata kwa laana. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Akachukua jagi, akamwongezea maji.

"Anaonekana mtu mwema," alisema.

*

Jumamosi gazeti lilitoka. Tangazo lilikuwa ukurasa wa kwanza, mahali pa ile picha, herufi kubwa kuliko sheria inavyodai: Efstathios na Argyris wataoana katika ukumbi wa manispaa, anayetaka kuja aje. Mchana wake Stathis aliuza dawa za kikohozi nyingi mno kwa watu wasiokohoa, waliokuja kumtazama tu kidole.

"Kesho huendi kanisani, au sio?" Argyris aliuliza.

"Naenda."

"Atakufukuza mbele za watu."

"Basi anifukuze yeye. Mimi sijifukuzi."

Jumapili Argyris, ambaye kanisani alikuwa mgeni wa mazishi tu, alikaa benchi la mwisho na Kleio na mtoto. Stathis alisimama kulia, mahali pake pa siku zote. Minong'ono ilipita kama panya. Kushoto alisimama mzee Pantelis, mwimbaji msaidizi, mwenye sauti ya mlango mbovu, tayari kabisa kurithi.

Padri Gervasios akatoka. Ibada huanza kwa maneno yake, na baada ya maneno yake lazima mwimbaji aitikie. Pasipo Amina, padri hana pa kwenda. Alisema yake akiwa ameelekea madhabahu. Kisha kimya.

Mzee Pantelis akavuta pumzi na kufungua kinywa.

Padri akainua mkono kumzuia. Akageuza kichwa kulia, taratibu, na kusubiri. Kanisa zima likasubiri naye. Argyris alishika benchi kwa mikono miwili.

"Amina," Stathis akaimba.

Ilitoka nyembamba, kisha ikajaa. Padri akainamisha kichwa na kuendelea. Mahubiri yalikuwa mafupi ajabu, kuhusu ubaya wa ulafi, na hakuna aliyeelewa yametoka wapi.

Uani, baada ya ibada, Argyris alimfuata Stathis karibu mbio.

"Hajasema neno!"

"Ameniambia mimi mawili. La kwanza, Kleio amlete mtoto abatizwe Jumapili ijayo, na kondoo awe na chumvi safari hii."

Kleio, aliyekuwa nyuma yao, alimbusu mtoto kichwani, akageukia ukuta ili asionekane anafuta macho.

"Na la pili?"

"Kwamba wimbo wa tatu niliharibu sauti."

"Uliharibu kweli?"

"Vibaya," Stathis alisema, na pale pale uani, mbele ya mzee Pantelis na mji mzima, akamshika mkono, pete ikiwa kidoleni. "Nilikuwa nakutazama wewe."